Logi na mzunguko wake kwenye vifurushi vya Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaofungasha programu za Linux, iwe kwa .deb (ya Debian na jamaa zake) au .rpm (ya Fedora na jamaa zake), hasa huduma zinazokaa miezi bila kuzimwa. Logi ni kumbukumbu za matukio ambazo programu huandika; kuizungusha ni kuliweka kando faili lililopo, kuanza jipya na hatimaye kufuta ya zamani, na chombo cha kazi hiyo huitwa logrotate. Mifano inatumia huduma ya kubuni iitwayo `mjumbe`, inayoendeshwa na mtumiaji wa jina hilohilo. Amri na majina ya vigezo yameachwa kama utakavyoyakuta kwenye mashine.

Logi ni kazi ya mwandishi wa programu. Mfungashaji anaingiaje?

Mwandishi anaamua kinachoandikwa. Mfungashaji anaamua kinaandikwa wapi, nani anaruhusiwa kukisoma, kinakaa muda gani na kinaondoka vipi. Mwandishi huenda aliijaribu programu yake nusu saa akaridhika. Kifurushi kitakaa kwenye seva miaka mitatu bila mtu kukitazama. Siku `/var` itakapojaa, hifadhidata iliyo kwenye mashine hiyohiyo nayo itagoma kuandika, na mwenye seva atataka kujua ni kifurushi gani kilichomletea balaa hilo.

Niandike kwenye faili, au nitoe tu kwenye stdout?

Kama huna sababu ya faili, usiwe na faili. Huduma ikiendeshwa na systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux), chochote inachotoa kwenye stdout na stderr (mikondo ya kawaida ya matokeo na ya makosa) huenda kwa journald, mtunza logi wa systemd, ambayo hujiongezea yenyewe saa, namba ya mchakato na jina la huduma, kisha hujipunguza bila kuombwa: kwa chaguo-msingi logi zake za kudumu hazizidi asilimia 10 ya mfumo wa mafaili zilipo, na hata hiyo ina kikomo cha GB 4. Hakuna saraka ya kuunda, hakuna ruhusa za kupanga, hakuna cha kuzungusha wala cha kufuta kifurushi kikiondolewa. Nusu ya maswali yaliyo hapa chini hayatakuhusu.

Ukichagua njia hii, zima saa ambayo programu inajiandikia mwanzoni mwa kila mstari, la sivyo kila tukio litakuwa na saa mbili, na mara nyingine zitapishana kwa sababu moja ni ya UTC na nyingine ya mahali. Ngazi ya uzito nayo haipotei: mstari ukianza na `<3>`, journald huuhesabu kuwa kosa, `<4>` ni onyo, `<6>` ni taarifa ya kawaida. Namba hizo ni zilezile za syslog (mfumo wa jadi wa logi), kutoka 0 hadi 7, na alama yenyewe haionekani kwa msomaji.

Faili lina nafasi yake pale wingi wa logi unapokuwa mkubwa kupita kiasi (kila ombi la wavuti, kwa mfano), pale chombo kingine kinapolazimika kulisoma moja kwa moja, pale muda wa kutunza unapotofautiana na wa mfumo mzima, au pale kifurushi kinapotakiwa kufanya kazi hata pasipo na systemd. "Tumezoea hivyo" si sababu, ingawa ndiyo inayosikika zaidi.

Nimechagua stdout, lakini logi zinachelewa kuonekana kwenye `journalctl` (amri ya kusoma logi za journald).

Ni bafa. Programu nyingi zikiona stdout si skrini, hukusanya maandishi mpaka bafa ijae ndipo ziyatoe kwa mkupuo. Kwa Python weka `Environment=PYTHONUNBUFFERED=1` kwenye faili la huduma. Kwa C, mwombe mwandishi atumie `setvbuf` au aandike logi kwenye stderr, ambayo haikusanywi. Usiliache hili: programu ikianguka ghafla, mistari iliyobaki kwenye bafa hupotea, na ndiyo hasa uliyokuwa ukiihitaji.

Mistari mingine haifiki kabisa.

Tafuta neno `Suppressed` kwenye `journalctl`. journald ina kizuizi cha kasi: kwa kawaida ujumbe 10,000 ndani ya sekunde 30 kwa kila huduma, na unaozidi hutupwa. Tangu systemd 240 unaweza kubadilisha hesabu hiyo kwa huduma yako peke yake kwa `LogRateLimitIntervalSec=` na `LogRateLimitBurst=`. Ila huduma inayovuka kiwango hicho katika hali ya kawaida pengine imefungashwa ikiwa kwenye ngazi ya `debug`. Angalia hapo kwanza.

Je, kifurushi changu kiunde `/var/log/journal` ili logi zidumu baada ya kuwasha upya?

Hapana. Huo ni uamuzi wa msimamizi wa mashine na wa watunzaji wa distro (toleo la Linux kama Debian au Fedora).

Nimeamua kutumia faili. Liwekwe wapi?

`/var/log/mjumbe/mjumbe.log`. Sera ya Debian, sehemu ya 10.8, inakubali faili moja liwekwe moja kwa moja chini ya `/var/log`, na inashauri saraka ya kifurushi kama mafaili ni mengi au ruhusa zinahitaji kutengwa. Kwa huduma isiyoendeshwa na root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), saraka haikwepeki, maana `/var/log` yenyewe huandikwa na root tu.

Njia fupi ya kuipata saraka ni kumwachia systemd:

```
[Service]
User=mjumbe
LogsDirectory=mjumbe
LogsDirectoryMode=0750
```

Kigezo hicho kipo tangu toleo la 235, la mwaka 2017. Saraka huundwa huduma inapoanza na hupewa mtumiaji wa huduma. Kama huwezi kuitegemea systemd, iunde kwenye `postinst` (skripti ya .deb inayoendeshwa baada ya kusakinisha), au kwa .rpm iorodheshe kwa `%dir %attr(0750, mjumbe, mjumbe)`.

Usiziweke logi chini ya `/opt`, `/usr` wala nyumbani kwa mtumiaji. Pamoja na kwamba hakuna atakayezitafuta huko, kwenye Fedora na jamaa zake SELinux (mfumo wa ulinzi unaobana kila programu iguse nini) humbana logrotate: hugusa mafaili yenye lebo za logi, kama `var_log_t`, na ukizificha kwingine mzunguko hukwama bila kelele hadi mtu asome logi ya ukaguzi.

Faili la logrotate liweje?

Anza na hili, kisha ubadilishe kwa sababu unayoweza kuitaja:

```
/var/log/mjumbe/*.log {
    su mjumbe adm
    weekly
    maxsize 100M
    rotate 8
    missingok
    notifempty
    compress
    delaycompress
    create 0640 mjumbe adm
    sharedscripts
    postrotate
        systemctl reload mjumbe.service >/dev/null 2>&1 || true
    endscript
}
```

Kikundi `adm` ni cha Debian na wanawe, ambako ndicho kinachoruhusiwa kusoma logi. Kwingine weka kikundi cha huduma. `missingok` inahitajika kwa sababu kifurushi kinaweza kuondolewa huku faili hili likibaki. `|| true` ipo kwa sababu `reload` hushindwa huduma ikiwa imezimwa, na huduma iliyozimwa si kosa la kumtumia msimamizi barua usiku.

Angalia pia `*.log`, wala si `*` peke yake. Ukiandika `/var/log/mjumbe/*`, mafaili yaliyokwisha kuzungushwa nayo huzungushwa, na baada ya wiki chache utakuta `mjumbe.log.1.1.1`.

Kwenye Debian, hifadhi maudhui haya kama `debian/mjumbe.logrotate`, `dh_installlogrotate` italipeleka `/etc/logrotate.d/mjumbe`. Kwenye .rpm liorodheshe kwa `%config(noreplace)`, ili mabadiliko ya msimamizi yasifutwe kifurushi kinapopandishwa toleo.

Logi imezungushwa, lakini programu inaendelea kuandika kwenye faili la zamani. Kwa nini?

Ukilielewa hili, mengine yote yanajipanga. logrotate haihamishi maandishi. Inabadilisha jina tu. `mjumbe.log` inakuwa `mjumbe.log.1`, kisha `mjumbe.log` mpya tupu inaundwa. Lakini programu iliyokwisha kufungua faili haiandiki kwa kufuata jina. Inaandika kwenye inodi (faili lenyewe kwenye diski, bila kujali jina) iliyoishika tangu mwanzo, na jina likibadilishwa mara ishirini inodi ni ileile. Mtazame mchakato wenyewe:

```
# ls -l /proc/$(systemctl show -p MainPID --value mjumbe)/fd
... 1 -> socket:[48213]
... 2 -> socket:[48213]
... 3 -> /var/log/mjumbe/mjumbe.log.1
```

Namba 3 inaonyesha mambo yote. Huduma bado imeshika `.1`, na `mjumbe.log` mpya itabaki na baiti sifuri. Wiki inayofuata, kwa kuwa faili hilo ni tupu na umeweka `notifempty`, logrotate italiruka, na `.1` itazidi kunenepa bila yeyote kuizungusha.

Bila `notifempty` mambo huwa mabaya zaidi: faili lililoshikwa linasukumwa hadi `.2`, `.3`, na mwishowe linafutwa likiwa bado limefunguliwa. Jina linatoweka, nafasi hairudi. `df` inasema diski imejaa, `du` inasema hakuna kitu. `lsof +L1` ndiyo itakayokuonyesha faili lisilo na jina linalokula diski.

Kwa hiyo programu lazima iambiwe: funga ulichoshika, fungua upya kwa jina. Ndiyo kazi ya `postrotate`. Na kwa kuwa kati ya kubadilisha jina na kufungua upya bado kuna mistari inayoingia kwenye `.1`, `delaycompress` huacha `.1` bila kubanwa mpaka mzunguko ufuatao.

Nitajuaje programu inakubali ishara gani?

Ishara ni ujumbe mfupi unaotumwa kwa mchakato, kama HUP au USR1, na ndiyo njia ya kawaida ya kuiambia programu ifungue upya. Soma nyaraka zake, na kama hazisemi, soma msimbo. rsyslog hufungua upya kwa HUP. nginx hutumia USR1 kwa logi, na HUP kwake ni kusoma upya usanidi. Usikisie, kwa sababu mchakato usioishughulikia HUP hauipuuzi: kwa kawaida ya mfumo unakufa. Ndiyo chanzo cha huduma zinazoanguka usiku wa manane mara moja kwa wiki bila mstari hata mmoja wa kosa.

Mtego mwingine ni `systemctl kill -s HUP`, unaoonekana kwenye mifano mingi. Amri hiyo hutuma ishara kwa michakato yote ya huduma, pamoja na watoto wasiojua lolote kuhusu HUP. Ni salama zaidi kuweka `ExecReload=/bin/kill -HUP $MAINPID` kwenye faili la huduma, kisha `postrotate` ikaita `systemctl reload`.

Programu haifungui upya kwa ishara yoyote. Nitumie `copytruncate`?

Ndiyo, ukijua bei yake. logrotate hunakili faili lote kisha hulikata la asili hadi sifuri. Kilichoandikwa kati ya hatua hizo mbili hupotea, na kwa muda mfupi diski hubeba faili mara mbili. Kwa faili la GB 20 kwenye diski iliyobaki na GB 15, hesabu unaiona mwenyewe.

Sharti jingine husahaulika: programu lazima iwe ililifungua faili kwa `O_APPEND`, yaani kuandika kila mara mwishoni mwa faili. Isipokuwa hivyo, baada ya kukatwa itaendelea kuandika pale ilipokuwa imefikia, na faili litakuwa na shimo kubwa la baiti sifuri mbele. `ls -l` itasema GB 2, `du` itasema KB chache, na `grep` itakuambia ni faili la binari. Kwenye skripti za shell, tofauti hiyo ni ya `>` na `>>`.

Mahali ambapo `copytruncate` haina mbadala mzuri ni ukitumia `StandardOutput=append:/var/log/mjumbe/mjumbe.log`. Hapo systemd ndiyo iliyofungua faili na kuirithisha programu. Programu haijui hata jina lake, hivyo hakuna ishara itakayoisaidia. Ni hiyo au kuanzisha huduma upya. Kama unaweza kuchagua, rudi kwenye journald.

Nimeandika `size 50M`, lakini nimekuta faili la GB 3.

logrotate si mlinzi wa zamu. Huamshwa mara moja kwa siku, na `logrotate.timer` au cron, hupima, kisha hulala. Faili likijaa saa moja baadaye litasubiri hadi kesho.

Vigezo vitatu vya ukubwa huchanganywa sana. `size` hufuta maana ya `weekly` au `daily`: ukubwa tu ndio unaoangaliwa. `minsize` hutaka yote mawili, muda uwe umefika na ukubwa umetimia. `maxsize` hutaka lolote litakalotangulia, na kwa kifurushi ndicho ninachokipendekeza karibu kila mara. Ukihitaji kipimo cha kila saa, `hourly` peke yake haitoshi kama logrotate yenyewe haiamshwi kila saa, na kubadilisha timer ya mfumo mzima si kazi ya kifurushi kimoja. Mahali penye `dateext` (tarehe kwenye jina la faili badala ya namba) iliyowashwa, kama ilivyo kawaida kwenye Fedora na RHEL, kumbuka pia kwamba mzunguko wa pili siku hiyohiyo utagongana na jina la wa kwanza, isipokuwa umeongeza saa kwenye `dateformat`.

logrotate inalalamika kuhusu "insecure permissions".

Saraka ya logi inaandikika na kila mtu, au na kikundi kisicho root, na logrotate imekataa kufanya kazi humo ikiwa root. Wengi hukimbilia kunyamazisha onyo. Usifanye hivyo. Mtumiaji anayeweza kuandika kwenye saraka anaweza kubadilisha faili la logi kuwa kiungo kinachoelekea kwingine, na root ikamfanyia kazi aliyoikusudia. Si nadharia: kasoro ya usalama iliyosajiliwa kama CVE-2016-1247 ilihusu kifurushi cha nginx cha Debian, ambamo `/var/log/nginx` ilikuwa mali ya `www-data`, na aliyeuteka wavuti aliweza kupanda hadi root. Kasoro ilikuwa kwenye ufungashaji. Msimbo wa nginx haukuwa na kosa.

Tiba ni mbili. Ama `su mjumbe adm` kama kwenye mfano, ili mafaili yazungushwe kwa uwezo wa mtumiaji huyo, ama saraka ibaki ya root na mafaili pekee yawe ya huduma. Ya pili ni ngumu kidogo kuvunjwa, lakini inakulazimu kuliunda faili la kwanza mwenyewe wakati wa kusakinisha. Onyo halitokei saraka ikiwa `0750` mali ya mtumiaji wa huduma, lakini hatari ipo palepale. Weka `su` hata kama hujaombwa.

Nijaribuje bila kusubiri wiki?

```
logrotate -d /etc/logrotate.conf
logrotate -vf -s /root/jaribio.status /etc/logrotate.d/mjumbe
```

Ya kwanza haibadilishi kitu, inaeleza tu ingefanya nini. Inasoma usanidi wote, kwa hiyo itafichua migongano. Ya pili inazungusha kwa nguvu, ikitunza kumbukumbu zake pembeni. Zingatia kwamba ukiliita faili lako peke yake, chaguo-msingi za `/etc/logrotate.conf` hazisomwi.

Baada ya hapo usiishie kutazama kama `.1` ipo. Rudia ile `ls -l /proc/.../fd`, andika tukio moja kwenye huduma, hakikisha limeangukia faili jipya. Zungusha mara ya pili uone ubanaji. Zima huduma, zungusha ya tatu, amri isirudi na kosa.

Kama bila `-f` hakuna kilichotokea siku ya kwanza, ni sawa: faili linaloonekana mara ya kwanza huandikwa tu kwenye kumbukumbu za logrotate, na muda huanza kuhesabiwa hapo.

Faili langu la usanidi linapuuzwa.

Mara nyingi ni ruhusa: likiandikika na kikundi au na watu wengine, logrotate huliruka. Liwe la root, `0644`. Au ni jina: mafaili yanayoishia kwa `.bak`, `.rpmnew`, `.dpkg-dist` na mfano wake hayasomwi. Au ni `duplicate log entry`, yaani kifurushi kingine kimekwisha kulitaja faili lilelile. Hutokea sana kifurushi kinapobadilishwa jina na faili la `/etc/logrotate.d` la jina la zamani likabaki.

Programu ina mzunguko wake wa ndani. Niuache?

Chagua mmoja, uzime mwingine. Mizunguko miwili kwenye faili moja huharibiana majina. Binafsi huzima wa ndani, kwa kuwa msimamizi anajua kusoma `/etc/logrotate.d` lakini hajui usanidi wa kila programu. Kwa Python, `RotatingFileHandler` haifai pale michakato kadhaa inapoandika faili moja. `WatchedFileHandler` hugundua yenyewe kwamba inodi imebadilika na kufungua upya, hivyo hata ishara haihitajiki.

Na kwenye kontena?

stdout tu. Ndani ya kontena kwa kawaida hakuna cron wala timer ya kuiamsha logrotate. Picha rasmi ya nginx huunganisha `access.log` na `/dev/stdout`. Ila mwenye mashine akumbuke kwamba `json-file` ya Docker haina kikomo mpaka awekewe `max-size`.

Logi za zamani zitunzwe muda gani?

Inategemea kilichomo. Kama kuna anwani za IP au majina ya watumiaji, sheria za faragha za mahali husika zina neno, na kifurushi kisijipe muda mrefu kwa chaguo-msingi. `maxage 60` huondoa yaliyozidi siku 60, lakini umri hukaguliwa tu pale faili linapozungushwa. Huduma iliyonyamaza pamoja na `notifempty` maana yake logi za mwaka juzi zitaendelea kukaa.

Kifurushi kikiondolewa, logi ziende wapi?

Kwenye Debian, `remove` haigusi kitu; `purge` hufuta. Kwenye `postrm`, skripti inayoendeshwa baada ya kuondoa:

```
if [ "$1" = purge ]; then
    rm -rf /var/log/mjumbe
fi
```

Kati ya hatua hizo mbili, `/etc/logrotate.d/mjumbe` bado ipo na logrotate bado inaisoma, wakati huduma haipo tena. Mtumiaji `mjumbe` naye akifutwa kwenye `remove`, mistari ya `su` na `create` itamtaja asiyekuwepo na logrotate itarudisha kosa kila usiku. Mwache mtumiaji abaki.

.rpm haina `purge`. Saraka iliyo na mafaili yasiyo ya kifurushi hubaki, na mafaili uliyoyaorodhesha kwa `%ghost` huondolewa pamoja na kifurushi. Ukitaka logi zisalie kwa ajili ya uchunguzi, usiziorodheshe.